Mpango wa Mgonjwa

Wengi wetu tumepata kulala hospitalini, ama kumwuguza ndugu huko. Tumemwona mwanafunzi wa uuguzi akisimama karibu ya kitanda, akiuliza na kuandika. Anaandika nini? Si dawa, maana dawa ni amri ya mganga. Anaandika mpango wa utunzaji: mgonjwa huyu ana shida gani, tutamfanyia nini, tena tutajuaje ya kuwa imemfaa. Kazi hiyo ina historia yake.

Mwaka 1860 Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, mjini London. Yeye alitaka kwanza macho. Kuuliza kama mgonjwa amelala vizuri hakukumtosha. Alitaka kujua amelala saa ngapi, na saa zipi za usiku. Tena alisisitiza kwamba utunzaji usikatike muuguzi akiondoka. Kwa maoni yetu mbegu ya mpango ilipandwa hapo, ingawa jina lake lilikuwa bado.

Miaka 100 ikapita. Mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa kitabu kidogo cha Virginia Henderson, Mmarekani, chenye kutaja mahitaji 14 ya mgonjwa: kupumua, kula na kunywa, kulala, kuvaa, na mengine. Tulifurahi kukuta humo na kuabudu kwa kadiri ya imani yake. Basi mgonjwa anayemtaka padri, naye shida yake yafaa iandikwe.

Mwaka 1967 Helen Yura na Mary Walsh, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Washington, wakaeleza hatua 4: kuchunguza hali, kupanga, kutenda, na kuangalia matokeo. Mwaka 1973 wauguzi walikutana St. Louis ili kuyapa majina matatizo ambayo muuguzi mwenyewe aweza kuyatambua. Ndipo hatua zikawa 5.

Hatua hiyo ya kutambua ndiyo inayowatesa wanafunzi. Mmoja anaandika "malaria". Mwalimu anafuta. Malaria ni neno la mganga. Wewe umeona nini? Basi anarudi kitandani. Mtoto ana joto, ametapika mara 3 tangu asubuhi, midomo imekauka, mkojo ni haba. Sasa aweza kuandika: mtoto amepungukiwa na maji. Lengo: kabla ya jioni anywe bila kutapika, akojoe. Kazi: kumnywesha kwa kijiko kidogo kidogo, kuandika kila kikombe, kumwita mganga mara moja akishindwa kunywa ama akilegea.

Wengine hunakili mpango kutoka kitabuni, maneno mazuri kabisa, lakini si ya mgonjwa yule. Twasema wazi, hiyo ni hatari. Muuguzi wa zamu ya usiku hakumwona mtoto mchana, naye ataiamini karatasi. Kwa hiyo mwalimu mwema haulizi mwanafunzi amejaza mistari mingapi. Anamwuliza mama wa mtoto alisema nini.