Nyayo Zilizowaka Moto: Historia ya ARV Kitale na Bungoma

Mpango wa AMPATH wa kutibu wenye virusi vya Ukimwi ulianza mwaka 2001 mjini Eldoret, Kenya, chini ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kliniki zake zilipofika Kitale na Webuye, Bungoma, wagonjwa wengi walipewa tembe moja yenye dawa tatu za ARV: stavudini, lamivudini na nevirapini. Iliokoa maisha. Watu waliobebwa kwenda hospitalini walirudi shambani kupalilia mahindi. Ndiyo maana aliyelalamika kwamba nyayo zake zinawaka moto usiku alionekana hana shukrani.

Lakini alisema kweli. Stavudini huharibu sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Neva ndefu za miguu huumia kwanza, kisha mafuta ya usoni na makalioni huyeyuka. Mashavu yalibonyea, na mtu aliyekwenda kliniki ya mbali ili asionekane akatambuliwa na jirani kwa sura tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kipimo hadi miligramu 30 kwa watu wazima wote, na mwaka 2009 likashauri dawa hiyo iachwe.

Nevirapini ilikuwa na tabia nyingine. Hulichochea ini liivunje kwa kasi zaidi kadiri siku zinavyopita, hivyo mgonjwa alianzishwa nusu kipimo kwa siku 14. Lakini akiacha kumeza ghafla, yenyewe huchelewa kutoka mwilini kuliko wenzake wawili. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi ziliposukuma maelfu hadi uwanja wa maonyesho wa Kitale, waliokimbia bila tembe hawakukosa dawa tu. Kwa siku kadhaa virusi vilibaki na nevirapini peke yake, na hiyo ndiyo nafasi ambayo virusi huitumia kujenga usugu.

Kisha ikaja efavirenzi, tembe ya kulalia: ndoto za kutisha, kizunguzungu cha alfajiri, na kwa baadhi ya wanaume, matiti kuvimba. Ushauri ulikuwa mmoja: vumilia, utazoea. Si ajabu kama kuna aliyetafuta jibu kwa mganga. Jibu lilikuwa kwenye ini. Kimeng'enya kiitwacho CYP2B6 ndicho kinachoivunja efavirenzi, na aina ya jeni inayokifanya kizembee ni ya kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Watu wawili wakimeza tembe ileile, mmoja anaweza kuamka na dawa nyingi maradufu damuni. Mwaka 2014 utafiti wa ENCORE1 ulionyesha kwamba miligramu 400 hudhibiti virusi sawa na 600. Kwa maneno mengine, theluthi ya kila tembe haikuhitajika. Kipimo kile hakikuwahi kupangwa kwa kuuliza ini la mkulima wa Kimilili, Bungoma, na malalamiko yake yalikuwa ushahidi ambao haukuwa na pa kuandikwa kwenye faili.

Dolutegraviri ilipoingia Kenya mwaka 2017 wengi walipumua. Huvunjwa kwa njia nyingine ya ini, na ndoto zikapungua, ingawa baadhi, hasa wanawake, wameongezeka uzito. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilitia hofu kuhusu watoto tumboni, na wanawake wa umri wa kuzaa wakazuiwa kuimeza. Wanawake wa Kiafrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali mwaka huohuo wakadai waachiwe wachague wenyewe. Mwaka 2019 WHO iliipendekeza kwa wote.

Hata dolutegraviri ina masharti yake. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu (TB), hulifanya ini liiteketeze haraka, kwa hiyo mgonjwa wa TB humeza dolutegraviri asubuhi na jioni. Tembe za chuma wanazopewa wajawazito huinasa tumboni kabla haijafika kwenye damu, isipokuwa zimezwe pamoja na chakula. La sivyo dolutegraviri itangulie kwa saa mbili, au ingoje saa sita.