Emil na Wapelelezi

Emil na Wapelelezi (kwa Kijerumani Emil und die Detektive) ni riwaya ya watoto ya Erich Kästner, iliyotoka Ujerumani mwaka 1929 ikiwa na michoro ya Walter Trier. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo ambamo watoto wenyewe ndio makachero, na hadi leo ni vichache vinavyoifikia.

Kästner alizaliwa Dresden tarehe 23 Februari 1899. Mama yake, Ida, alijifunza ususi akiwa mtu mzima ili kuongeza kipato cha nyumba, na mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu. Miaka ya 1920 ilipokuwa ikiisha, Kästner alikwisha kujulikana Berlin kwa mashairi na makala zake za magazetini. Mchapishaji Edith Jacobsohn ndiye aliyemshawishi awaandikie watoto. Shujaa wake akampa jina lake mwenyewe, Emil, akampa na mama msusi.

Emil Tischbein anapanda treni kwenda Berlin kwa bibi yake. Amebeba maki 140: noti moja ya mia na mbili za ishirini. Kwa mwenye duka kubwa hizo ni fedha ndogo, lakini kwa mama anayeosha vichwa vya watu nyumbani kwake ni jasho la muda mrefu. Kwa hiyo Emil anazibana kwa pini ndani ya koti. Njiani usingizi unamchukua, na anapozinduka, fedha hazipo, wala yule abiria aliyevaa kofia ngumu, Bwana Grundeis, hayupo. Polisi anawaogopa, kwa kuwa huko kwao aliwahi kuipaka rangi sanamu ya mtawala mmoja, akaichorea masharubu na pua nyekundu.

Hapo ndipo anapotokea Gustav na honi yake, na nyuma yake watoto wa mtaani. Wanagawana kazi kama watu wazima. Kuna wa kumfuata mwizi, kuna wa kupeleka habari, na mdogo wao mmoja, Dienstag, anabaki nyumbani kupokea simu. Huyu wa simu ndiye anayenigusa zaidi: haoni lolote la kusisimua, usiku unaingia, na bado haondoki pale alipowekwa. Asubuhi Grundeis anatoka hotelini na kujikuta ameandamwa na kundi la watoto wapatao mia. Anakimbilia benki kuzibadili noti. Emil anaingia mbio na kusema kuwa noti zake zina matundu ya pini. Keshia anaziinua kwenye mwanga, na matundu yanaonekana. Mwizi huyo anabainika kuwa anatafutwa pia kwa wizi wa benki, na Emil anapewa zawadi ya maki 1,000.

Ustadi wa Kästner uko kwenye tundu hilo. Msomaji ameiona pini ikichomwa mapema, mbele ya macho yake, kwa sababu ya kawaida kabisa ya mtoto anayeogopa kupoteza fedha za mama. Ushahidi haukuangushwa kutoka juu dakika ya mwisho. Riwaya nyingi za upelelezi za watu wazima hazimtendei msomaji haki namna hiyo.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1931, na Billy Wilder alishiriki kuiandika. Tarehe 10 Mei 1933 Wanazi walipochoma vitabu hadharani Berlin, Kästner alikuwepo katika umati na alisikia jina lake likitajwa. Emil alisazwa kwa muda kwa jinsi alivyopendwa, kisha naye akapigwa marufuku. Mwandishi hakuihama nchi yake. Mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Georg Büchner, na mwaka 1960 Tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo ndiyo heshima kubwa ya kimataifa kwa waandishi wa watoto. Alifariki Munich tarehe 29 Julai 1974. Huko Dresden, sanamu yake ya shaba inamwonyesha angali mtoto, amekaa juu ya ukuta.