Nukta Inayojipima

Sisi tunaohangaika na hadithi tunajua taabu ya kuweka nukta. Kuanza kila mtu anaanza. Basi hebu nikusimulie historia ya nukta moja ambayo shuleni hatukuifikia.

Ndani ya seli, ribosomu husoma nakala ya jeni herufi tatu tatu, na kila tatu huongeza kipande kimoja kwenye mnyororo wa protini. Katika miaka ya 1960 wataalamu waligundua maneno matatu yasiyoleta kipande: UAA, UAG na UGA. Hizo ndizo nukta. UAG ilibandikwa jina la kaharabu, eti kwa sababu ya mwanafunzi Harris Bernstein, maana Bernstein kwa Kijerumani ni kaharabu. Utani wa vijana wa maabara ukaingia vitabuni! Lakini si mchezo: nukta ikiangukia pasipo pake, protini hukatika, na wapo wagonjwa wa thalasemia wanaoteseka kwa kosa hilo hasa.

Nani anaisoma nukta? Mwaka 1967 Mario Capecchi, akiwa Harvard, alionyesha kuwa ni protini. Mwaka 1968 kundi la Marshall Nirenberg, Thomas Caskey akiwemo, likakuta katika bakteria E. coli ziko mbili: RF1 husoma UAA na UAG, RF2 husoma UAA na UGA.

Sasa utamu uko hapa. Protini hizi nazo hutengenezwa na ribosomu zile zile. Nani anazihesabu zisizidi wala kupungua? Mwaka 1985 William Craigen, Caskey na wenzao waliisoma jeni ya RF2, wakakuta kioja: neno la 26 ni UGA. Nukta, na protini yenyewe inahitaji vipande zaidi ya 300!

Kumbe ni mizani. RF2 ikiwa tele, huiona UGA ile na kukata kazi palepale. Ikiwa haba, ribosomu inasimama, inasubiri wee, mkataji haji. Inateleza herufi moja mbele, maneno yanabadilika, inasoma mpaka mwisho, na RF2 mpya inapatikana. Hakuna msimamizi, uhaba wenyewe ndio unaotoa amri. Mimi sijaona riwaya yenye mtego mzuri kuliko huo.

Tena hata kuteleza kule si bahati. Nyuma kidogo ya UGA ziko herufi zinazoishika ribosomu na kuisukuma.