Nuhu Mbogo na Mikataba ya Wageni, 1890–1900

Sisi wa Kasubi tumezoea kuwaonyesha wageni makaburi ya Makabaka. Mutesa I alijenga kasri yake kwenye kilima hiki mwaka 1882, naye akazikwa hapa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli, na mwaka 1910 akaletwa kuzikwa papa hapa. Lakini vijana wetu wengi, hata wanaosoma historia shuleni, hawajui habari za Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, ambaye Waislamu walimfanya kiongozi wao.

Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika Mengo kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilikuwa imepewa hati ya kifalme huko Uingereza mwaka 1888, yaani ruhusa ya kutawala nchi za watu kabla wenyewe hawajaulizwa. Lugard hakungoja kuonyeshwa mahali pa kukaa. Alijichagulia kilima cha Kampala, akapiga kambi na bunduki yake ya Maxim. (Ni kilima kile kile ambacho leo kina Msikiti wa Kitaifa, Old Kampala.) Tarehe 26 Desemba Kabaka Mwanga aliukubali mkataba wa Kampuni shingo upande.

Waislamu hawakuwamo barazani. Walikuwa wameitwaa nchi mwaka 1888 na kumtawaza Kalema, kisha mapema mwaka 1890 wakashindwa na kukimbilia upande wa Bunyoro. Kalema alipofariki walimfuata Mbogo.

Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, Lugard akawasaidia Waprotestanti. Baada ya hapo alihitaji amani na Waislamu. Mbogo akakubali kuja kukaa Kampala, na watu wake wakapewa masaza matatu: Busujju, Gomba na Butambala. Kwa watu waliowahi kuwa na Kabaka wao, hicho kilikuwa kidogo sana.

Kampuni ilipoishiwa fedha, Uingereza ilimtuma mwanadiplomasia, Sir Gerald Portal, mwakilishi wake mkuu Zanzibar. Tarehe 1 Aprili 1893 bendera ya Kampuni ilishushwa, ikapandishwa ya Uingereza. Portal aliketi na maaskofu wa pande mbili, Wakatoliki wakaongezewa ardhi. Waislamu nao waliomba nyongeza, hawakupata. Portal akaondoka mwishoni mwa Mei.

Mwezi Juni mambo yakalipuka. Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza, alimwonya Kapteni Macdonald kwamba hatakubali Waislamu wenzake wapigwe vita. Macdonald akawanyang'anya askari hao silaha, akamkamata Selim, na Waislamu wakashindwa vitani. Selim alikuwa mgonjwa, akafa njiani akipelekwa pwani. Mbogo, ambaye hakuongoza mapigano yale, alihamishiwa Zanzibar. Busujju na Gomba zikachukuliwa; ikabaki Butambala peke yake.

Mbogo alirudishwa baadaye. Katika Mkataba wa Buganda wa 1900 jina lake limo: maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake, na pauni 250 kwa mwaka maisha yake yote, kwa sharti aiachie serikali ya Uingereza madai yake mengine yote. Alifariki mwaka 1921. Mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli uliposimama msikiti.