Rimoti kuukuu ya runinga inavyoweza kuendesha tarakilishi nyumbani

SI nyumba chache za Likoni, Kisauni na Changamwe ambazo zina rimoti isiyo na kazi, imelala kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha. Nyingi kati ya hizo zilistaafishwa mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogia na wenye runinga za kale wakalazimika kununua ving'amuzi. Kila king'amuzi kilikuja na rimoti yake, na ile ya runinga ikabaki kuwasha na kuzima tu.

Rimoti hiyo bado ina uwezo wa kuendesha tarakilishi: kuanzisha na kusimamisha wimbo, kuongeza sauti, kusogeza kurasa, hata kukisukuma kishale kwenye kiwambo bila kugusa kipanya. Kwa kijana mzima hiyo ni starehe ya kutazama filamu akiwa amejinyoosha kitini. Kwa mtu aliyepooza, au nyanya ambaye baridi yabisi imemkaza vidole, ni jambo jingine kabisa.

Jirani yangu mmoja wa Mtongwe, mwalimu mstaafu, alipatwa na kiharusi na mkono wake wa kulia haukurejea. Tarakilishi yake ilikuwa juu ya meza, hatua nne kutoka kitandani. Humo ndimo zilimokuwa taarabu zake, mawaidha na picha za wajukuu. Kila alipotaka kubadilisha wimbo ilimbidi aite mtu, na mzee aliyeamrisha madarasa kwa miaka thelathini hapendi kuita mtu kwa sababu ya wimbo. Mwanawe alimwekea kipokezi cha rimoti. Vitufe vitano tu vilitosha, navyo mzee alivibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyowezekana, yafaa kujua rimoti inasema nini. Miale ya infraredi ni nuru kama nuru nyingine, ila urefu wa mawimbi yake umepita upeo wa jicho la binadamu. Jicho letu hukoma kuona karibu na nanomita 700, ilhali rimoti nyingi hutumia nuru ya nanomita 940 hivi. Kitufe kinapobonyezwa, taa ndogo iliyo kwenye ncha ya rimoti hupepesa kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo humsaidia mpokeaji kuitenga sauti ya rimoti, tuseme hivyo, na kelele za jua na balbu.

Kupepesa huko hakufululizi. Taa hupepesa kwa kitambo, hunyamaza, kisha hupepesa tena, na urefu wa vitambo hivyo ndio msimbo wenyewe. Katika msimbo uliobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani, salamu ya kwanza ni mpepeso wa milisekunde 9 unaofuatwa na kimya cha milisekunde 4.5. Baada ya hapo huja tarakimu 32 za sufuri na moja: nane za kukitambulisha kifaa, nane zilezile zikiwa zimegeuzwa kinyume kwa uhakiki, nane za amri, na nane za kuihakiki amri. Msimbo wa RC-5 wa kampuni ya Philips una tarakimu 14 tu, na mojawapo hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa upya. Kwa hiyo kifaa hujua iwapo mtu amebonyeza mara mbili au amekishikilia kitufe kwa muda mrefu.

Safari ya kufikia hapo ilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, Marekani, alibuni kifaa cha kuamrisha runinga kwa mwangaza wa kawaida, nalo jua lililopenya dirishani likawa linabadilisha stesheni. Mwaka uliofuata mwenzake, Robert Adler, alileta rimoti iliyotumia sauti nyembamba isiyosikika na watu. Infraredi ilishika nafasi hiyo kuanzia miaka ya 1980. Tarakilishi za nyumbani hazikuchelewa: PCjr ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1983, ilikuwa na kibodi isiyo na waya iliyotumia miale hiyohiyo, ingawa soko liliikataa na ikaachwa mwaka 1985. Microsoft ilitoa toleo la Windows XP la kutumiwa kwa rimoti sebuleni mwaka 2002, na Apple ikauza tarakilishi pamoja na rimoti yake ndogo nyeupe kuanzia 2005. Mitindo hiyo yote imepita. Kilichobaki ni maarifa, na maarifa hayo ni rahisi.

Kitu cha kwanza kinachohitajika ni kipokezi, yaani kijidude cheusi chenye miguu mitatu ambacho hukaa nyuma ya kidirisha cha runinga au king'amuzi. Fundi wa redio anaweza kukichomoa katika kifaa kilichokufa. Asiyetaka kuokoteza anaweza kununua kipya, kwa mfano TSOP4838. Hapa pana mtego ambao umeunguza vipokezi vingi: mpangilio wa miguu haufanani. Katika TSOP4838 mguu wa kwanza ni wa kutoa ishara, wa pili wa ardhi na wa tatu wa umeme. Katika TSOP1738 ya zamani, ambayo michoro mingi bado huionyesha, wa kwanza ni wa ardhi, wa pili wa umeme na wa tatu wa ishara. Fundi asiyesoma karatasi ya kifaa hukitambua kwa harufu ya moshi.

Kitu cha pili ni mahali pa kukiunganisha. Tarakilishi kubwa za zamani, ambazo zingali zinafanya kazi katika nyumba nyingi, huwa na tundu la sirio lenye pini tisa. Mafundi walizoea kulehemu kipokezi hapo kwa vipande vichache: pini ya 7 ikitoa umeme, ya 5 ikiwa ardhi na ya 1 ikipokea ishara, pamoja na rekuleta ya volti 5 kwa kuwa umeme wa tundu hilo unaweza kufika volti 12. Tarakilishi mpya hazina tundu hilo, na waya wa kugeuza USB kuwa sirio hausaidii kwa kipokezi cha aina hii kwa sababu hupoteza vipimo vya muda, na muda ndio msimbo. Mwenye tarakilishi ya USB peke yake anunue kipokezi cha USB kilicho tayari, au atumie kibao kidogo cha Arduino kinachoweza kujifanya kibodi. Katika Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012, kipokezi huunganishwa moja kwa moja kwenye pini zake, mradi kilishwe volti 3.3 wala si 5.

Tahadhari moja kwa wanunuzi wa tarakilishi za mkononi za mtumba: kile kidirisha cheusi au chekundu ubavuni, ambacho wauzaji hukisifu kuwa ni cha infraredi, ni cha kurushiana mafaili na simu za zamani kwa umbali wa mita moja hivi. Hakikuundwa kwa ajili ya rimoti za runinga.

Kitu cha tatu ni programu, nayo haina malipo. Kwenye Linux kuna LIRC, ambayo viendeshi vyake viliingizwa katika kiini cha mfumo huo mwaka 2010. Siku hizi kiini chenyewe hufasiri misimbo ya kawaida na kukigeuza kitufe cha rimoti kuwa kitufe cha kibodi. Kwa rimoti isiyojulikana, programu iitwayo irrecord humtaka mtumiaji abonyeze vitufe kimoja kimoja huku ikinakili misimbo. Nyingine, lircmd, hugeuza vitufe vya mishale kuwa kipanya, na hiyo ndiyo ningemshauri mwenye mgonjwa nyumbani aanze nayo. Watumiaji wa Windows wana WinLIRC.

Kitufe chekundu kisipewe kazi ya kuzima tarakilishi ghafla. Mkono unaotetemeka utakigusa tu, na kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

Infraredi haipenyi ukuta, na wengi huuona huo kuwa udhaifu. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambamo kila chumba kina mpangaji wake, mimi nauona kuwa heshima: jirani hawezi kukubadilishia wimbo akiwa chumbani mwake. Hata hivyo, kipokezi kisielekezwe kwenye mlango unaotazama ukumbi, maana mwenye rimoti ya aina moja na yako akipita huko pazia likiwa wazi, tarakilishi itamtii yeye pia. Kisielekezwe pia kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri, wala karibu na taa za kubana matumizi, ambazo baadhi hutoa miale inayopepesa kwa kasi inayokaribia ya rimoti.

Kabla ya kulaumu kipokezi, ipimwe rimoti yenyewe. Ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Ikiwa nzima, nuru ya zambarau itaonekana kwenye kioo cha simu. Kamera ya nyuma ya simu nyingine huchuja miale hiyo, basi jaribu ya mbele. Isipoonekana, fungua mfuniko wa betri. Huku kwetu pwani, hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye springi za betri, na kipande cha msasa laini huiondoa.