Kidonge cha Usingizi na Sheria Mpakani Gisenyi

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umeshikana na Goma hata mgeni asingetambua Rwanda yaishia wapi na Kongo yaanzia wapi, isipokuwa kwa vizuizi vya njiani. Katika kizuizi kiitwacho Petite Barrière wachuuzi kwa maelfu wamezoea kuvuka kwa miguu, na Kiswahili huvuka pamoja nao. Mahali kama hapo kidonge hakihitaji gari. Pindo la kitenge latosha.

Sheria za vidonge hivyo zilianza mbali. Mwaka 1971 mataifa yalikubaliana huko Vienna juu ya mkataba wa dawa zinazoathiri akili, ukaanza kutumika mwaka 1976. Methakwaloni, dawa ya usingizi tuliyoizoea kwa jina la Mandrax, iliwekwa kwanza katika orodha ya 4, iliyo nyepesi kuliko zote. Walevi waliipenda mno, na mwaka 1979 ikahamishiwa orodha ya 2. Diazepamu, yaani Valium, iliingizwa orodha ya 4 mwaka 1984. Nduguye Rohypnol ikapandishwa hadi ya 3 mwaka 1995.

Rwanda ilitunga sheria namba 03/2012 ya tarehe 15 Februari 2012, ikizitawala dawa za kulevya pamoja na hizo zinazoathiri akili. Sheria ya adhabu ya mwaka 2018 ilikaza kamba: mwenye kuuza zile zilizohesabiwa kuwa kali mno aweza kufungwa maisha. Machi 2019 ikafuata amri ya Waziri wa Afya ya kuzigawa katika madaraja.

Sisi walimu wa lugha twavutwa zaidi na majina. Kinyarwanda husema ibiyobyabwenge, yaani vipotoshavyo akili. Mihadarati, neno lenye asili ya Kiarabu, lahusu kutia ganzi, nalo kwa maoni yetu lakifaa kidonge cha usingizi kuliko bangi. Wako wenzetu wasiopenda “dawa za kulevya”, wakisema laisifu sumu kwa kuiita dawa. Hatukubaliani nao. Diazepamu ile ile ndiyo muuguzi ampayo mtoto aliyeshikwa na degedege, na mkataba wa 1971 wenyewe, katika dibaji yake, wataka matumizi ya tiba yasibanwe kupita kiasi. Mwenye duka la dawa akiogopa kuiweka kwa hofu ya sheria, mama wa mtoto huyo atarudi nyumbani mikono mitupu.