Uta, Upinde na Kiini cha Yai

Nilimpa mpwa wangu karatasi na kalamu za rangi nikamwambia, "Nichoree upinde." Ana miaka saba. Akaanza na nyekundu, akafuatisha machungwa, njano, kijani, akaipinda mistari yote kutoka kona hii ya karatasi hadi ile, kisha akaongeza mawingu mawili juu. Hakukosea. Upinde anaoujua ni wa mvua, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ule wa mbinguni umeazima jina kwa kitu cha mkononi.

Siku chache kabla yake alikuwa ameona kwenye televisheni mwanamke wa Korea akivuta uta, akitulia, kisha mshale ukaenda. Tangu hapo ananiandama: "Mjomba, nataka kile cha kuvuta kamba." Kumnunulia ni jambo la pesa na la siku moja. Kumtajia hicho anachokitaka, na kila sehemu yake, kumenichukua wiki tatu za kufungua na kufunga kamusi. Sijutii hata siku moja kati ya hizo, maana nimeona kwa macho yangu jinsi neno linavyoweza kumnyoosha mtoto bega au kumpinda.

Nianze na majina mawili ya kitu chenyewe. Uta ni neno la ukoo. Wakikuyu na Wakamba wanalo, Wachewa wa Malawi wanasema uta, Washona wa Zimbabwe wanasema uta. Mtu akitoka miguuni mwa Mlima Kenya akashuka mpaka Harare atalikuta njiani likiwa karibu bila mabadiliko, na hilo hutokea kwa maneno machache tu, ya vitu ambavyo watu hawakuvisahau walipohama. Wingi wake ni nyuta, na wazee walisema pia mata. Siku hizi ukimtajia kijana mata anadhani umekosea kutamka mate.

Upinde ni mtoto wa kitenzi pinda. Linakueleza kitu kimefanywaje: mti ulionyooka umepindwa, ukafungwa kamba usirudi. Kwa hiyo uta ni jina, upinde ni maelezo. Mimi moyo wangu uko kwa uta, lakini nakiri kwamba katika shughuli hii ya watoto upinde lina faida moja kubwa: linakubali kupunguzwa. Upinde, kipinde. Mtoto analielewa papo hapo, kama kisu kwa jisu. Jaribu kulipunguza uta uone ulimi unavyokwama. Basi nyumbani kwetu tumeafikiana: cha mwindaji ni uta, cha mchezo ni upinde, na chake yeye ni kipinde.

Mshale ungefaa kufuata njia hiyohiyo, uwe kishale. Hapo kuna kizuizi. Vishale tayari ni mchezo mwingine, ule wa kurusha kwa vidole kwenye ubao wa duara, na una wachezaji wake na mashindano yake. Ukimwambia fundi au muuzaji "nataka vishale vya mtoto" atakuletea vile vya ubaoni. Kwa hiyo mshale unabaki mshale hata ukiwa mfupi, na ule usio na ncha kali, unaomfaa anayeanza, nauita mshale butu. Viungo vyake vina majina yanayostahili kurudi midomoni: mti wake ni wano, chuma cha mbele ni chembe au kigumba, mfuko wa kuibebea mishale ni podo au ziaka, na kamba ya uta ni upote. Mpwa wangu amelipenda podo kuliko yote. Analitia penseli za shule.

Siku nyingine nilimsimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Watu wengi wakimkumbuka Liyongo wanakumbuka ushairi na sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe. Wanasahau kwamba alikuwa fundi wa uta. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kuna kikoa, yaani karamu ya kushirikiana, ya makoma, matunda ya mti wa mkoma: kila mtu kwa zamu apande mkoma aangue, na maadui zake wamekubaliana kwamba ikifika zamu yake wamfume akiwa juu. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote, wala hakupanda. Akasimama chini akayaangua makoma kwa mshale. Na alipokufa alikufa amepiga goti kisimani, mshale uko kwenye upote, na watu wa mji wakawa hawathubutu kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Mtoto aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mkono wake haukuchoka?" Ni swali la mtu aliyekwisha kujaribu kuvuta.

Maana alikuwa amejaribu, na kosa lilikuwa langu. Niliingia duka moja mjini nikaeleza ninachotaka. Muuzaji akanipa upinde wa rangi nzuri akasema, "Huu mwepesi, hata mtoto anauweza." Nikaushika, kweli ni mwepesi, haufiki kilo moja. Nikalipa. Nyumbani mtoto akauvuta ukafika nusu ya njia. Bega likapanda mpaka sikioni, kidevu kikaenda upande, mikono yote miwili ikatetemeka. Akaniambia, "Mjomba, umekaza."

Nikageuza bawa la chini, yaani nusu ya chini ya upinde inayopinda, nikaona namba 30. Ni ratili 30, karibu kilo 13 na nusu, na hiyo ndiyo nguvu ya kuushikilia upinde huo ukiwa umevutwa inchi 28. Mtoto wa miaka saba havuti inchi 28, kwa hiyo nguvu anayokutana nayo hupungua, lakini hata hivyo ulikuwa upinde wa mtu mzima anayejifunza. Muuzaji hakunidanganya. Tulikuwa tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Yeye aliposema mwepesi alikuwa anausema mzigo wa mkononi, na mimi sikuwa na neno la kumuulizia lile lingine. Ukisema "uzito wa upinde", mzazi yeyote atafikiria mizani ya dukani. Ukisema "mvuto", utasikika kama unaisifu sura yake, au unafundisha fizikia ya dunia na mwezi.

Neno alilitoa mtoto mwenyewe: umekaza. Kutokana na kaza tuna mkazo. Upinde huu una mkazo wa ratili 30. Ule una mkazo wa ratili 12. Muuzaji ataelewa, mzazi ataelewa, na mtoto anao tayari mdomoni. Wanaofundisha watoto wadogo huanzia mkazo wa ratili 10 na hawapendi kuzidi 15, yaani kati ya kilo nne na nusu na saba. Kipimo chenyewe hakihitaji chombo. Mpe auvute mpaka mwisho wake, aushikilie huku akihesabu polepole hadi tano, kisha aurudishe taratibu bila kuuachia. Akirudia mara kadhaa bila kutetemeka na bila bega kupanda, ni wake. Akitetemeka, urudishe dukani, nilivyofanya mimi.

Ratili pia nimeipenda upya. Tulikuwa tumeiacha kwa bibi zetu waliokwenda nayo sokoni, kumbe ina kazi leo.

Kuna mahali Tanzania ambapo haya yote hufanyika bila duka. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, mvulana huwa na uta wake akiwa na miaka kama mitatu. Ni uta mdogo kweli, wa kijiti, lakini si sanamu ya uta. Unarusha. Anashinda nao kutwa akilenga chochote kilicho karibu, baadaye ndege na panya, na mishale yake ni ya mti mtupu uliochongwa ncha, bila chuma. Chuma kinachofuliwa kutokana na misumari, na sumu inayopikwa kutokana na mimea, ni mambo ya wakubwa. Mtoto akirefuka, uta unarefuka. Mkazo unaongezeka mwaka hadi mwaka bila mtu kuupima, mpaka anapokuwa mwanamume na kuvuta uta ambao Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyekaa nao vipindi vingi, aliukuta una wastani wa karibu ratili 70, kama kilo 31. Upote wake ni kano za mnyama. Mtu huyo hakuruka kutoka ratili 10 hadi 70. Alipewa kila mara uta aliouweza siku hiyo.

Ndiyo maana sipendi mzazi anayesema, "Nimnunulie mkubwa atakua nao." Viatu sawa. Upinde uliokaza kupita kiasi unamfundisha mtoto kuvuta kwa mgongo uliopinda, na kuliondoa kosa hilo baadaye ni kazi kuliko kununua kipinde cha pili.

Sasa vitenzi, na hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine. Tunasema piga mshale, rusha mshale, tupa mshale. Wazee walisema fuma: kumfuma mnyama ni kumpata na kumchoma, na fumo ni jina la mkuki wa bapa pana. Fyatua nalo linatumika, kama mtego unavyofyatuka. Yote ni Kiswahili safi. Lakini simama nyuma ya mtoto umwambie "rusha!" uone. Mkono unaovuta unakwenda mbele pamoja na upote kana kwamba anatupa jiwe. Mwambie "fyatua!" na vidole vinachomoka kwa nguvu, upote unatikisika, mshale unakwenda pembeni. Nikamwambia "achia." Vidole vitatu vikalegea, basi. Mkono ukabaki pale ulipokuwa, na mshale ukaenda peke yake. Kitendo chenyewe kwa kweli si kutenda. Ni kuacha kushika, na achia ndilo neno pekee kati ya hayo linalosema hivyo.

Kabla ya kuachia mkono una mahali pake usoni, kwa anayeanza ni kwenye pembe ya mdomo, kila mara palepale. Nimewasikia wanaotaka kupaita nanga. Mimi nasema mkono unatua, kama ndege anavyotua tawini, na pale unapotua ni kituo. "Mkono umefika kituoni?" namuuliza, naye anajibu kwa jicho, maana mdomo una kidole pembeni.

Jicho nalo si lolote tu. Karibu kila mtu analo moja linaloongoza lenzake, na si lazima lifuatane na mkono anaoandikia. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, akutanishe viganja abakishe tundu dogo, aangalie kitasa cha mlango kupitia tundu hilo, kisha avute mikono usoni bila kukipoteza kitasa. Itafika kwenye jicho la kulengea. Sikutafuta istilahi ndefu zaidi, kwa sababu lugha yetu ina uwezo huu wa ajabu wa kuongeza silabi moja kwenye kitenzi na kupata kifaa: kisu cha kukatia, ndoo ya kutekea, jicho la kulengea. Mpwa wangu anaandika kwa mkono wa kulia na jicho lake la kulengea ni la kushoto, kwa hiyo kipinde chake ni cha kushoto. Ningejua mapema ningeokoa safari moja.

Na lipo onyo moja ambalo halivumilii mzaha: upinde hauachiwi mtupu. Ukivuta bila mshale ukaachia, nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi ndani ya mabawa, nayo huweza kupasuka. Mabawa nimeyaita mabawa badala ya mikono, kwa sababu ukimwambia mtoto "angalia mkono wa juu" ataangalia wake.

Katikati ya shabaha ya mashindano ni njano. Nimesikia mtu akipaita "jicho la ng'ombe", na nikahuzunika, maana ng'ombe huyo kaletwa na meli kutoka lugha nyingine. Nilimwonyesha mpwa wangu ile karatasi nikamuuliza hapo katikati ni nini. Akatazama duara la njano, akasema, "Kiini. Kama cha yai." Sina la kuongeza.

Kuna watu ambao maneno haya yanawahusu kuliko mimi na mpwa wangu, nao ni watangazaji wa michezo. Katika Olimpiki, bunduki na upinde ni michezo miwili tofauti, na redioni yote miwili huitwa kulenga shabaha. Mwaka 2028, Los Angeles, itaongezeka kazi nyingine: kwa mara ya kwanza utaingia ule upinde wenye magurudumu nchani ambao Holless Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Magurudumu hayo mabaharia wetu wanayajua. Ni kapi, ndiyo hiyo inayopitisha kamba tanga likipandishwa. Ndugu zangu wenye maikrofoni, nawaomba: siku hiyo semeni upinde wa kapi, semeni mkazo, semeni ameachia. Kutakuwa na watoto wanasikiliza.